Safari Isiyo ya Lazima

*Mhadhara kwa wazazi, walimu na vijana wa Buganguzi, wilayani Muleba, juu ya misheni za pembeni katika michezo ya video*



Nimeombwa nizungumze juu ya michezo ya video, na najua neno hilo linavyopokelewa katika nyumba nyingi za hapa. Mzazi akilisikia anakumbuka simu iliyozimika kwa kukosa chaji, bando lililokwisha kabla ya wiki, na daftari la hesabu ambalo halijafunguliwa tangu Ijumaa. Sikuja kubishana na mzazi huyo, maana mara nyingi ana haki. Nimekuja kumwonyesha kipande kimoja cha michezo hii ambacho hata wachezaji wenyewe hukipita bila kukitafakari. Ni zile kazi ambazo mchezo haumlazimishi mtu kuzifanya. Vijana wanaziita misheni za pembeni. Ukiziacha zote, gemu utalimaliza vilevile. Zimewekwa tu, zinakungoja, na usipozigusa hakuna wa kukuuliza.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mnipime nayo hadi mwisho. Penye hiari ndipo nia ya mtu inapoonekana. Njia kuu ya mchezo humwamuru mchezaji la kufanya, lakini njia ya pembeni hutuonyesha anapenda nini akiachwa peke yake. Hutuonyesha pia mtunzi wa mchezo anamwonaje mchezaji wake: ni mgeni wa kukirimiwa, au ni sangara wa kuvuliwa.

Wagonjwa sabini na wanane

Nianze na jambo nililolishuhudia. Siku moja mvua ilinikuta Muleba mjini, nikajikinga kwenye kibanda cha gemu. Mnavijua vibanda hivi: chumba kimoja, televisheni mbili tatu, mabenchi ya mbao, na PlayStation 2 ambazo padi zake zimezungushiwa selotepu. Watu wanalipia dakika. Karibu wote walikuwa kwenye mpira, wanapiga kelele. Kwenye televisheni ya mwisho alikaa kijana mmoja, koti la mvua bado liko mwilini, pikipiki yake nje inalowana. Alikuwa akicheza Grand Theft Auto: San Andreas, mchezo uliotoka mwaka 2004, ambao sifa yake kwa watu wengi ni bunduki na wizi wa magari. Sifa hiyo haikusingiziwa. Mchezo ule ni wa watu wazima, mtoto wa shule hana kazi nao, na mwenye kibanda anayemruhusu anakosea.

Kijana huyu alikuwa mtu mzima, na hakuwa anampiga mtu risasi. Alikuwa ndani ya gari la wagonjwa. Ukishaingia kwenye gari lile na kubonyeza kijiti cha kulia cha padi, kazi ya kuwabeba wagonjwa inaanza. Hadithi ya mchezo haikuagizi kuifanya. Raundi ya kwanza ina mgonjwa mmoja, ya pili wawili, ya tatu watatu, mpaka raundi ya mwisho yenye wagonjwa 12. Jumlisheni wenyewe: ni watu 78. Gari linabeba watatu kwa safari moja. Saa inahesabu kurudi nyuma, na gari ukiliendesha vibaya unawaumiza uliokuja kuwaokoa. Ukimaliza raundi zote, uhai wa mhusika wako unaongezeka.

Nilimwuliza kwa nini hachezi misheni zenyewe wakati dakika alizolipia zinakatika. Hakugeuza uso.

"Zile nilishamaliza, mzee. Hii ya wagonjwa ndiyo naipenda. Huku wanafika."

Sikumwelewa mara moja. Nilimwelewa alipoanza kunisimulia, macho yake yakiwa bado kwenye televisheni. Ninyi mnaokaa mbali na hospitali mnajua kwamba usiku wa manane bodaboda ndiyo gari letu la wagonjwa. Kijana huyu aliwahi kumpakia mama mwenye uchungu, mama akikaa katikati na mume nyuma akimshikilia, tope limefika kwenye mhimili wa gurudumu. Hakuniambia safari ile iliishaje, nami nikaona si vema kumwuliza. Lakini nilifahamu kwa nini anatoa fedha ya jasho lake kununua robo saa ambayo ndani yake mgonjwa akipakiwa anafika.

Mchezo uleule, televisheni ileile, mtu mwingine angeona bunduki tu. Yeye pale penye hiari alichagua kubeba watu. Ndiyo maana nikasema hiari hufichua nia.

Kulala au kusafiri

Msidhani jambo hili lililetwa na umeme. Wacheza bao wanalijua siku nyingi. Katika bao la kete, kama linavyochezwa Unguja na mwambao, kuna mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kati ya zile 10 za ubaoni, sita zimekaa katika shimo moja lenye heshima yake, nalo linaitwa nyumba. Sasa, wakati wa kunamua, yaani hatua ya kuingiza ubaoni kete za mkononi, ukiwa unakula kete za mwenzio na kete yako ya mwisho ikaangukia ndani ya nyumba yako, sheria inanyamaza na kukuachia wewe. Unaweza kulala hapo, mali yako ikabaki salama. Au unaweza kusafiri: unazibeba kete zote za nyumba na kuzimwaga mbele. Huenda ukala zaidi, huenda ukafilisika, na nyumba ikishavunjwa haijengwi tena.

Angalieni neno walilochagua wazee wa bao kwa uamuzi huo wa hiari: safari. Sheria nyingine za bao mtoto anaweza kuzikariri. Fundi anajulikana hapo, anapokaa kimya na kidole kimegusa nyumba, akiamua kama aende ama asiende.

Kwetu Buhaya tuna mfano mwingine ulio chini ya miguu yetu. Mgeni akipita barabarani anaona migomba, anadhani kibanja ni migomba. Mwenye kibanja anajua kwamba chini ya migomba kuna mibuni, kuna maharage, kuna magimbi. Na anajua jambo ambalo mgeni hawezi kulikisia: kibanja hakijitoshelezi. Nje yake kuna rweya, uwanda wa nyasi ambao kwa macho ya haraka hauna kitu. Nyasi zikikatwa rweya hutandazwa kibanjani zikatunza unyevu. Ng'ombe wakichunga rweya, samadi yao inarudi kwenye mashina ya migomba. Pembeni panalisha katikati. Mtu akiiacha rweya kwa kuwa haizai ndizi, baada ya miaka ndizi zenyewe zitamweleza.

Naomba mlishike hilo la rweya, kwa sababu ndicho kipimo cha kwanza nitakachowapa. Misheni ya pembeni iliyotungwa vizuri ni rweya: inapeleka rutuba kwenye hadithi kuu. Iliyotungwa vibaya ni umbali tu wa kutembea.

Chumba kilichofichwa

Historia ya mambo haya katika michezo ya video ina kisa kimoja ninachokipenda. Mwaka 1980 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo ulioitwa Adventure. Aliyeutunga peke yake ni Warren Robinett. Siku hizo kampuni haikuwa ikiandika jina la mtunzi popote, si kwenye boksi wala ndani ya mchezo. Mtu anatunga, kampuni inauza, jina linazikwa.

Robinett alichofanya ni kujenga chumba cha siri. Ili kukifikia ilibidi uokote nukta moja ndogo ya kijivu, rangi ileile ya sakafu, isiyoonekana kwa macho ya kawaida, uibebe hadi ukuta fulani, nao ukuta ukuruhusu kupita. Ndani ya chumba yaliandikwa maneno machache ya kusema kwamba mchezo huu umetungwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu kazini. Mchezaji kijana alipokigundua chumba hicho na kuiandikia kampuni, Robinett alikuwa ameshaondoka. Wenye kampuni wakaona ni afadhali kukiacha, kwa sababu waligundua kwamba watu wanafurahi kutafuta. Vitu vya kufichwa namna ile vikaitwa mayai ya Pasaka, kwa mila ya Wazungu ya kuwafichia watoto mayai sikukuu hiyo.

Mtu alijenga chumba akijua kuwa huenda asipate hata mgeni mmoja. Hakikuleta senti, na mchezo ungekamilika bila hicho. Alikiweka kwa sababu alitaka atakayekifikia ajue kuwa nyuma ya kioo kulikuwa na binadamu. Kila misheni ya pembeni iliyo njema ina chembe ya chumba kile.

Waliokuja baadaye walikuza wazo hilo. Mwaka 1997 Wajapani walitoa Final Fantasy VII, na ndani yake wenzako wawili wa safari, Yuffie na Vincent, ni wa hiari. Vincent amelala katika jeneza chini ya nyumba kubwa iliyohamwa. Usipoteremka chini ya nyumba ile, utafika mwisho wa hadithi bila kujua kuwa alikuwepo. Mwaka 2017 Wajapani wa Nintendo wakatoa The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ambao baada ya sehemu ya mwanzo unakuruhusu uende moja kwa moja kupigana na adui mkuu ukitaka. Kila kitu kinginecho katika nchi ile pana ni hiari yako: mahekalu 120, milima, wasafiri wa njiani, na mbegu 900 zilizofichwa chini ya mawe na juu ya miti. Mbegu 441 zinatosha kukuza mifuko yako yote. Anayezikusanya zote 900 anapewa zawadi isiyomwongezea nguvu hata kidogo. Watunzi hawakuwa wachoyo. Walizitawanya ili popote utakapotupa jicho na kujiuliza "hapa kuna nini?", pawe na jibu, na aliyezigeuza kuwa hesabu ya kumaliza wakamfundisha kwa upole kwamba hakuelewa.

Baba, mwana na nyota kumi na mbili

Sasa nije karibu na nyumbani. Yuko mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, Abubakar Salim. Wachezaji duniani walianza kuijua sauti yake mwaka 2017 katika Assassin's Creed Origins, mchezo wa Misri ya zamani za Kleopatra. Alimwigiza Bayek wa Siwa, mtu aliyeuawa mtoto wake, Khemu, akaingia njiani kulipa kisasi. Hiyo ndiyo njia kuu: kisasi.

Pembeni yake kuna kazi nyingi za hiari, na watunzi walizipa sababu. Bayek ni Medjay, mlinzi wa watu kwa cheo cha kale. Mkulima aliyeporwa, mama aliyepotelewa na mtoto, kuhani aliyedhulumiwa, wote hao wana haki ya kumsimamisha njiani. Kwa hiyo ukiiacha hadithi kuu ukamsaidia mvuvi wa Nile, hujatoka nje ya mhusika wako. Umemrudisha kwenye kazi aliyoapishwa kuifanya kabla hasira haijamchukua.

Na kuna misheni moja ambayo naomba niwafungulie polepole. Katika jangwa na vilima vya Misri ile yamesimama mawe yaliyopangwa duara, mahali 12. Ukifika ukakaa katikati, Bayek anainua macho na wewe unazipanga nyota mpaka zitengeneze umbo la kundi lake. Zikikaa sawa, unasikia sauti ya mtoto. Ni Khemu, zamani akiwa hai, anamwuliza baba yake maswali juu ya umbo lile la mbinguni, na baba anamjibu. Bayek alikuwa amemwahidi mwanawe kwamba watayatembelea mawe yale yote pamoja. Sasa anaitimiza ahadi peke yake.

Hakuna adui pale. Usipokwenda, kisasi kitakamilika vilevile, maadui watakufa vilevile. Lakini ukienda, unapata kumjua mtoto ambaye hadithi kuu ilikuonyesha kifo chake tu. Hiyo ndiyo rweya niliyoisema. Ukirudi kibanjani, yaani kwenye hadithi kuu, kila pigo la Bayek lina uzito ambao halikuwa nao.

Salim mwenyewe alikuwa amefiwa na baba yake, mtu aliyemfungulia mlango wa michezo ya video akiwa mtoto. Mwezi Aprili 2024 kampuni aliyoianzisha, Surgent Studios, ilitoa Tales of Kenzera: ZAU. Safari hii ni mwana anayemlilia baba. Zau ni mganga kijana, anamwita Kalunga, mungu wa mauti, wafanye mapatano: atamletea roho tatu kubwa, naye arudishiwe Baba. Ulimwengu wake umeshonwa kwa visa na imani za Wabantu, na mchezaji anaweza kuchagua kuusikiliza wote kwa Kiswahili. Kwa mtoto wa Tanzania aliyezoea mashujaa wote waseme Kiingereza, hilo si dogo.

Na humo ndani, nje ya njia ya mapambano, kuna mibuyu. Ukiifikia, Zau anaketi chini ya mti na kuongea na Kalunga juu ya huzuni, juu ya baba, juu ya hofu yake. Akiinuka, uhai wake umeongezeka. Mnaona jinsi mtunzi alivyofikiri? Kukaa chini na kusema uchungu wako hakukuhesabiwa kuwa ni kupoteza muda. Kumefanywa chanzo cha nguvu, kisha kukaachwa kuwa hiari, kwa sababu huzuni haiamrishwi. Anayekimbilia pigano linalofuata ataupita mbuyu, kama sisi wanaume tunavyoyapita mambo hayo kila siku.

Ndoano

Nimesifu vya kutosha. Sasa nisimame upande wa mzazi mwenye mashaka.

Si kila kilichoko pembeni ni zawadi. Kuna kwanza misheni za kukuokotesha vitu tu. San Andreas hiyohiyo niliyoitaja ina michoro 100 ya ukutani ya kufunika kwa rangi, picha 50 za kupiga, viatu 50 vya farasi na chaza 50 za majini. Vitu 250, na karibu vyote havina mtu nyuma yake wala kisa. Michezo mingi iliyofuata ilijaza ramani alama za namna hiyo ili kwenye tangazo waandike kuwa gemu lina saa mia. Kijana anajikuta anafanya kibarua bila ujira. Hilo ni umbali wa kutembea, si rweya.

Kisha ikaja biashara. Mwaka 2006 wachezaji wa The Elder Scrolls IV: Oblivion waliuziwa mavazi ya chuma ya farasi kwa dola mbili na nusu. Wengi walikasirika, na wengi walinunua. Kampuni zikajifunza kutoka kwa walionunua. Si kosa kuuza nyongeza. Mtunzi naye ana watoto. Ubaya unaanza pale kitu kinapokatwa kutoka kwenye mchezo ili kiuzwe mara ya pili, au pale mchezo unapofanywa uchoshe makusudi ili ulipie njia ya mkato.

Kibaya kuliko vyote ni kisanduku cha bahati. Kwenye mpira wa FIFA, katika sehemu ya Ultimate Team, mchezaji alikuwa akinunua pakiti ya wachezaji kwa fedha halisi bila kujua nani yumo. Anafungua, mwanga unawaka, moyo unadunda, aliyetoka si yule. Ananunua tena. Mwezi Aprili 2018 Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba pakiti za namna hiyo, za FIFA 18 zikiwamo, ni kamari chini ya sheria ya nchi hiyo. Januari 2019 EA, kampuni yenye mchezo huo, ikaacha kuuza Ubelgiji pointi za kununulia pakiti hizo. Wabelgiji hawakupiga marufuku mpira. Walitofautisha mchezo na ndoano iliyovishwa mchezo. Sisi tunaoishi karibu na ziwa tunapaswa kuwa wepesi kuliko wao kuitambua ndoano, hata ikivishwa chambo kinachong'aa.

Kwa hiyo nawapa kipimo cha pili. Mwulize mwanao: ukikipata hicho unachokifuata, utakuwa umejua nini au umekutana na nani? Akikueleza kisa, mtu, mahali, mwache aendelee mpaka muda mliokubaliana uishe. Akikutajia namba tu, au akikuambia bado hajui atapata nini hadi alipe, simama hapo, na namba ya siri ya akaunti ya fedha kwenye simu yako ibadilishe leo.

Msidhani fedha na wema haviwezi kukaa pamoja. Mwaka 2015 kampuni ya CD Projekt ya Poland ilipotoa The Witcher 3 iliwapa wanunuzi nyongeza 16 bure. Februari 2018 watunzi wa mchezo ule wa Bayek waliwapa waliokuwa nao ziara 75 za kuongozwa ndani ya Misri ileile, bila upanga wala adui: unatembea kama mwanafunzi na kuelezwa juu ya piramidi, kilimo na maisha ya kila siku. Na jirani zetu hapa wana Lual Mayen. Alizaliwa familia yake ikikimbia vita kusini mwa Sudan, akakulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, naye akawa anatembea saa tatu kwenda mahali penye umeme wa kuichaji. Kwenye kompyuta hiyo akajifunza kutunga michezo, na mwaka 2018 akatunukiwa heshima katika hafla kubwa ya dunia ya The Game Awards. Mchezo wake, Salaam, aliupanga hivi: mchezaji akimnunulia mhusika wake maji, chakula au dawa kwa fedha halisi, fedha hiyo imfikie mkimbizi aliye hai. Nyongeza ya kununua, lakini nia yake ni nyingine kabisa.

Ona, nasi tuone

Nawageukia vijana. Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, umefika vijiji vingi, simu mnazo, na programu za kutungia michezo zipo za bure. Mkianza kutunga, mtashawishika kuanza na njia kuu: shujaa, adui, upanga. Nawasihi muanzie pembeni, kwa sababu huko ndiko tuliko sisi.

Tungeni usiku wa msimu wa senene. Mchezaji anapita zake kwenda kumaliza misheni kubwa, anaona taa kali na mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa, na mtu anamwita amshikie bati. Asiposimama, hakuna anachopoteza. Akisimama, wadudu wanaanguka kama mvua ya kijani, na mwenye taa anamwambia jambo juu ya njia ya mbele ambalo asingelijua. Mwekeni mzee na enanga yake, kinanda chetu cha nyuzi, barazani. Profesa M. M. Mulokozi aliandika tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya tendi za enanga za Wahaya, na katika tendi hizo yumo Mugasha, mwenye ziwa na tufani. Mchezaji aketi asikilize akitaka. Akiketi, siku atakayovuka ziwa ataelewa anachovuka. Mfichieni nukta yenu ya kijivu humohumo, na jina lenu.

Na wazazi, nina ombi moja kwenu. Zamani hadithi zikisimuliwa usiku kwa Kihaya, msimulizi hakuanza hivihivi. Wasikilizaji walimpa ruhusa kwa kumwambia aone, ili nao waone. Mmarekani Peter Seitel, aliyezikusanya hadithi zetu, alikipa kitabu chake cha mwaka 1980 kichwa kilichotokana na maneno hayo. Kazi ya msimulizi ilikuwa kuona, na yetu kuona kupitia kwake. Leo mtoto anaona peke yake, kichwa kimeinama kwenye kioo, na sisi tumebaki kumkemea mgongoni. Kaa naye mara moja kwa wiki, chagueni mchezo wa umri wake, umwambie maneno yale: ona, nami nione. Utayaona anayoyachagua pale ambapo hakuna aliyemtuma. Kuna watoto utakaogundua kwamba wanapenda kujenga, wengine kuponya, wengine kufukua siri. Shule itakupa alama za mitihani, na mitihani ni njia kuu, naiheshimu. Hiari ya mtoto utaijua kwa kukaa karibu naye tu.

Nimalizie na yule dereva wa bodaboda wa kibandani, maana sikuwaambia tulivyoachana. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Alikuwa na wagonjwa wawili garini, anamfuata wa tatu, na mwenye kibanda alikuwa ameshamwambia kuwa bado dakika nne. Mlangoni akatokea mama mwenye mtoto mgongoni aliyefunikwa kanga mbili, akauliza kama kuna bodaboda ya kwenda hospitali. Yule kijana hakusubiri dakika zake. Alimpa padi mtu mzima aliyekaa jirani yake, akamwambia, "Nimalizie, wawili wako ndani," akafunga zipu ya koti na kutoka. Nilisikia pikipiki ikiwaka.